Jambo Kwanza, Shahada Baadaye

 

Mada mliyonipa ni pana: masomo ya uzamili na kazi katika uhusiano wa kimataifa. Nitaibana. Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa mwaka wa tatu ni hili: "Mwalimu, nikasome wapi uzamili ili nifike Umoja wa Mataifa?" Swali hilo limetaja chuo na limetaja shirika, lakini halikutaja jambo lolote. Halisemi kijana huyu akishafika huko anataka kushughulikia nini: wakimbizi, samaki wa bahari kuu, mipaka, kodi za kampuni za kigeni, maji ya mito tunayochangia na jirani. Nimefundisha na kusoma maombi ya wanafunzi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba hilo lililokosekana ndilo linaloamua nani apate ufadhili, nani amalize tasnifu yake, na nani, akishapata kazi, asikilizwe anapofungua mdomo kikaoni.

Kwa hiyo ninachokuja kutetea ni kwamba jambo litangulie na shahada ifuate. Nianze na mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina, ila huenda hamjapata kujiuliza alisoma lini.

Dkt. Salim Ahmed Salim alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri. Baada ya Cairo alitumikia India, kisha China, na mwaka 1970 akafika New York akiwa Mwakilishi wa Kudumu wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Shahada yake ya uzamili katika masuala ya kimataifa aliipata Chuo Kikuu cha Columbia, hukohuko New York, mwaka 1975. Hebu zipangeni tarehe hizo. Alipotunukiwa shahada ile alikuwa ameshakuwa balozi kwa zaidi ya miaka kumi, na tangu 1972 alikuwa akiongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, ile iliyojulikana kama Kamati ya 24. Jambo lake alikuwa nalo tayari: Msumbiji, Angola, Rhodesia, Namibia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapigania uhuru wa nchi hizo walikuwa majirani zetu mitaani. Salim hakwenda darasani kutafuta la kufanya maishani. Alikwenda akiwa na kazi iliyomjaa mikononi, na darasa likamkuta ana maswali.

Sisemi kwamba kila mmoja wenu ataanza ubalozi akiwa na miaka 22. Uhuru mpya na Mapinduzi ya Zanzibar vilifungua milango ambayo leo haifunguki kwa namna ile. Ninachowaomba muone ni mfuatano wenyewe.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mwaka 1981, maana una somo ambalo shule nzuri ya uzamili ingepaswa kulifundisha kwa wiki nzima. Salim alikuwa ameshakuwa Rais wa Baraza Kuu katika kikao cha 34, kilichoanza 1979, na sasa Afrika ilimtaka awe Katibu Mkuu. Kurt Waldheim wa Austria alikuwa anatafuta muhula wa tatu. Mwishoni mwa Oktoba 1981 Baraza la Usalama lilipopiga kura ya kwanza, Salim alipata kura 11 na Waldheim 10. Kura 9 zingetosha, kama hakuna mwanachama wa kudumu aliyepinga. Lakini Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Waldheim. Wakarudia na kurudia, duru 16, na ukuta ukabaki palepale. Desemba zamu ya kuongoza Baraza ikaiangukia Uganda, na balozi wake alikuwa Olara Otunnu, kijana wa miaka 31 aliyepitia Makerere, Oxford na Harvard. Yeye ndiye aliyewashawishi wagombea wote wawili wakae pembeni ili kura isonge mbele, na Baraza likamchagua Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Mwanafunzi aliyesoma nadharia peke yake ataniambia: nchi kubwa hufanya zitakavyo. Ni kweli, ila jibu hilo halimsaidii mtu yeyote kufanya kazi. Aliyefuatilia jambo atarudi nyuma hadi tarehe 25 Oktoba 1971, siku Baraza Kuu lilipopitisha Azimio 2758 na kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuitetea Beijing, na balozi wetu aliyekuwa ukumbini ni Salim. Wamarekani walishindwa siku ile, tena hadharani, wala hawakusahau. Ataangalia pia kwamba wakati uleule China ilikuwa inajenga reli ya TAZARA, ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, pamoja nasi, kwamba msimamo wetu juu ya kiti cha China ulikuwa na hesabu zake na utu wake, na kwamba gharama ya msimamo ule ililipwa miaka kumi baadaye na mtu mmoja. Kusoma tukio namna hiyo, tarehe juu ya tarehe, kura juu ya kura, ukijua kila upande ulikuwa unalinda nini, ndiko kunakofaa kulipiwa ada ya uzamili. Salim mwenyewe hakuishia pale. Mwaka 1989 alichaguliwa Katibu Mkuu wa OAU na akaiongoza hadi 2001.

Sasa tuiangalie shahada yenyewe. Vyuo vingi vitakufundisha nadharia za uhusiano wa kimataifa, uchumi wa biashara, sheria za kimataifa, takwimu kidogo, na usalama. Hayo yote yana faida na sitayapitia moja moja. Ujuzi unaomtofautisha ofisa mzuri na ofisa wa kawaida ni kuandika, na hapo naomba nieleze kwa karibu.

Waziri anaingia kikaoni baada ya robo saa. Hawezi kusoma kurasa thelathini. Anahitaji dokezo la ukurasa mmoja: suala ni lipi, mara ya mwisho tulikubaliana nini na nani alitia saini, wenzetu wanataka nini, sisi tunaweza kulegeza wapi na wapi tusilegeze, na mwisho sentensi ambayo ataitamka hasa. Dokezo la namna hiyo huandikwa na mtu aliyepitia jalada zima, pamoja na yale makaratasi ya zamani ambayo yamekaa masjala na hakuna anayeyaulizia. Kuandika kurasa ishirini juu ya ushirikiano wa kikanda ni rahisi kuliko kuandika ukurasa huo mmoja.

Au chukueni rasimu ya mkataba ikiwa katikati ya majadiliano. Imejaa mabano ya mraba. Kila fungu ambalo halijakubaliwa linafungiwa humo, pendekezo la upande mmoja na la upande wa pili yakiwa yamekaa bega kwa bega. Maofisa kutoka nchi kumi wanaweza kushinda siku nzima wakijaribu kuondoa jozi moja tu ya mabano hayo. Inafika saa nne usiku, watu wamechoka, chai imepoa, mwenyekiti anasoma fungu kwa sauti na kuuliza kama yupo anayepinga. Ofisa anayejua maneno yale yaliingizwa na nani na kwa nini atanyanyua kibao cha nchi yake. Asiyejua atanyamaza, na kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa ni kukubali, kisha nchi itaishi na fungu lile miaka thelathini.

Sikusema miaka thelathini kwa kutia chumvi. Twendeni Nachingwea, mkoani Lindi. Huko kuna mlima unaoitwa Ntaka, na chini yake kuna nikeli. Kampuni zilizokuwa na haki ya eneo lile zilikuwa na leseni ya kulishikilia huku zikisubiri wakati mzuri wa kuchimba. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni za Januari 2018 yakafuta leseni za aina hiyo. Mimi ni katika wanaoamini kwamba nchi ina haki kamili juu ya madini yake, na kwamba eneo haliwezi kushikiliwa milele bila kuchimbwa. Lakini ndani ya jalada kulikuwa na mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Uingereza zilisaini mwaka 1994. Wenye leseni wakaushika mkataba huo, wakaenda mbele ya ICSID, chombo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington. Julai 2023 wasuluhishi wakaamua Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90. Kesi ya kampuni nyingine, Winshear, iliyotumia mkataba wetu na Canada, ilikuwa imeshamalizwa mwaka 2023 kwa dola milioni 30.

Fikirini mara mbili juu ya fedha hizo. Wale waliokaa mezani 1994 hawakuwa wajinga. Nchi ilihitaji mitaji, mikataba ya aina ile ilikuwa ikisainiwa duniani kote kwa mamia, na lugha yake ilionekana kuwa ya kawaida. Waliobadilisha sheria 2017 nao walikuwa na sababu zao. Baina ya makundi hayo mawili ilipaswa kuwepo ofisi yenye vijana wanaojua kila mkataba wa aina hiyo tuliosaini, unasemaje juu ya fidia, unakwisha lini, na ukishakwisha unaendelea kulinda uwekezaji wa zamani kwa muda gani. Mkataba wetu na Uholanzi, kwa mfano, ulisitishwa 2019, lakini kwa uwekezaji uliokuwepo ulinzi wake unaendelea miaka 15 zaidi. Kijana anayekwenda kusoma uzamili akiwa na swali hilo mkononi, yaani mikataba yetu ya uwekezaji iandikweje upya ili nchi ibaki na nafasi ya kubadilisha sheria zake bila kufilisiwa, huyo hahitaji kuniuliza asome wapi. Atatafuta mwalimu aliyebobea katika usuluhishi wa uwekezaji, popote alipo, na kumfuata.

Wala msidhani wananchi hawajali mambo haya. Mwaka 2023, makubaliano ya Tanzania na Dubai juu ya bandari yalipofika bungeni, watu walikuwa wakibishana ibara kwa ibara kwenye daladala na vijiweni, kila mmoja na nakala kwenye simu yake. Suala likafika hadi Mahakama Kuu, Mbeya. Chochote unachokiamini juu ya makubaliano yale, ilionekana wazi kwamba wenye nchi wanataka kusoma mkataba. Walichokikosa ni watu wa kuwaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka ibara hii inamfunga nani na inafunguliwa vipi.

Barua za maombi ninazosoma huanza karibu zote kwa njia moja: tangu utotoni nimependa kutumikia amani ya dunia. Sina shaka mwandishi anamaanisha. Lakini kamati inayosoma barua mia nne haiwezi kumtofautisha na wenzake. Sasa wazeni kijana aliyefanya kazi ya uwakala wa forodha Tunduma. Malori ya shaba yanashuka kutoka Zambia na Kongo kuja bandari ya Dar es Salaam, na bidhaa zinapanda kwenda huko. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ila ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Zambia imo SADC na COMESA. Kongo imo katika zote tatu. Kijana huyu ameona kwa macho yake mzigo mmoja ukidaiwa cheti kingine cha uasilia kulingana na unakokwenda, na dereva akilala mpakani kwa sababu ya karatasi. Aprili 2025 aliona pia Tanzania ikizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini kwa kujibu vikwazo vya nchi hizo juu ya mazao yetu, kisha mazungumzo yakaondoa zuio baada ya siku chache. Barua yake ikianza na lori hilo na karatasi hiyo, na ikauliza ni kipi kinachokosekana katika sheria za jumuiya hizi tatu mpaka jambo linaamuliwa kwa hasira za wiki moja, kamati itaisoma hadi mwisho. Alichonacho hakipatikani maktaba ya London wala Geneva.

Jambo likishakuwepo, hata lugha ya kujifunza inajichagua. Mpaka wetu na Malawi kwenye Ziwa Nyasa unarudi hadi mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Malawi inausoma mkataba huo kwamba mpaka unapita ufukweni upande wetu. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Wazee waliokuwa marais, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, waliombwa kusuluhisha. Anayetaka kulielewa suala hilo kwa kina atalazimika kusoma Kijerumani, tena Kijerumani cha makarani wa karne ya kumi na tisa, na sehemu ya kumbukumbu hizo iko hapahapa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa. Anayeshughulikia wakimbizi wa Kongo na Burundi anahitaji Kifaransa. Wa gesi ya Ruvuma na Cabo Delgado anahitaji Kireno. Nasikitika ninapoona vijana wakijifunza lugha ya tatu kwa sababu tu tangazo la kazi limesema lugha ya ziada itapewa uzito.

Na Kiswahili? Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, SADC ilikiingiza 2019, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakifanya lugha rasmi 2021. Maamuzi hayo hayatajitekeleza. Yanahitaji wakalimani, wafasiri wa sheria, watu wanaoweza kuandika rasimu ya itifaki kwa Kiswahili ambayo mahakama itaweza kuitafsiri bila utata. Vyuo vyetu bado havijatoa watu hao wa kutosha, na kwa maoni yangu hii ndiyo nafasi ya kazi iliyo wazi kuliko zote kwa kizazi chenu.

Njia, lakini, si moja. Dkt. Asha-Rose Migiro alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata uzamivu Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992, akarudi kufundisha sheria. Alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo, na mwaka uliofuata Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Shahada zake zilikuwa za sheria, na fani hiyo aliijua kikweli. Dkt. Augustine Mahiga alipata uzamivu Toronto, akafundisha Dar es Salaam, akaingia serikalini, akafanya kazi miaka mingi na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kisha akawa balozi wetu New York kuanzia 2003. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulimpa Somalia. Ofisi ya kisiasa ya Umoja huo kwa ajili ya Somalia ilikuwa imekaa Nairobi miaka 17. Januari 2012 Mahiga akaihamishia Mogadishu, wakati mji bado unalipuliwa mabomu. Agosti mwaka huohuo katiba ya muda ikapitishwa, na Septemba bunge likamchagua rais ndani ya nchi. Mtu huyo alikuwa ametumia miaka akiwahudumia watu waliokimbia vita, naye alijua kwamba hawarudi kwao kwa azimio lililoandikwa Nairobi. Alifariki mwaka 2020, na natamani vijana wangemsoma zaidi ya wanavyomsoma.

Wazazi waliopo wangependa nizungumzie fedha, na wana haki. Ada peke yake katika shule kubwa za Marekani kama Columbia huzidi dola 50,000 kwa mwaka, na programu nyingi huko ni za miaka miwili. Usikope fedha hizo. Nasema bila kuuma maneno: usiuze kiwanja cha familia kwa ajili ya uzamili wa uhusiano wa kimataifa. Hakuna mshahara wa kuanzia katika kazi hii utakaokirudisha. Ufadhili upo. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini inataka angalau miaka miwili ya kazi, na inakutaka urudi nyumbani ukimaliza. Upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola, DAAD ya Ujerumani, Erasmus Mundus ya Ulaya, Fulbright ya Marekani, na ule wa Umoja wa Afrika wenye jina la Mwalimu Nyerere. Tazameni jinsi sharti la kazi linavyojirudia katika mengi ya matangazo hayo. Wafadhili nao wamegundua kwamba aliyefanya kazi kwanza husoma vizuri zaidi.

Msidharau vilivyo karibu. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, nchi mbili zilizokuwa zimesimama pamoja katika harakati za ukombozi, na leo kina jina la Salim Ahmed Salim. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina programu zao. Mwanafunzi mwenye jambo atapata Kurasini mwalimu aliyekaa meza ile ya mabano, akampigia simu jioni na kumuuliza. Huko ng'ambo mwalimu wa namna hiyo hupatikana kwa miadi.

Kuhusu kazi zenyewe nitasema ukweli kama ulivyo. Umoja wa Mataifa huajiri wataalamu wa kimataifa kwa madaraja: P-2 ni la kuingilia, P-3 hutaka kwa kawaida miaka mitano ya uzoefu, P-4 miaka saba. Shahada ya uzamili hutajwa karibu katika kila tangazo, ila mara nyingi shahada ya kwanza pamoja na miaka miwili zaidi ya uzoefu hukubaliwa badala yake. Mpango wa wataalamu vijana hutaka umri usiozidi miaka 32 na shahada ya kwanza tu, ilimradi nchi yako imo kwenye orodha ya mwaka huo. Mafunzo ya vitendo katika Sekretarieti hayalipwi, na kuishi New York au Geneva bila malipo ni jambo la watoto wa wenye uwezo. Hilo halina haki, na linapaswa kusemwa kila nafasi ikipatikana. Wenye kipato cha kawaida waangalie mpango wa watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ambao hutoa posho ya kuishi, na ule wa vijana wa Umoja wa Afrika.

Tena mnahitimu katika wakati mgumu. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, na Umoja wa Mataifa wenyewe ukaanza kupunguza bajeti na watumishi. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa na mikataba ya miradi wamerudi nyumbani wakiwa na uzoefu mkubwa na mikono mitupu. Yeyote atakayewaambia kwamba uzamili ni tiketi ya kufika Gigiri, zilipo ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, anawadanganya. Lakini kazi ya mataifa ni kubwa kuliko mashirika hayo. Iko Arusha, kwenye Jumuiya ambayo sasa ina nchi nane, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kwenye kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo Septemba 1998 ilikuwa mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Iko wizarani Dodoma kwa wanaopita Sekretarieti ya Ajira. Iko kwenye wizara za kilimo, uvuvi, nishati na fedha, ambako siku hizi mikataba mingi huandaliwa, na ambako ofisa anayejua mkataba na anayejua mmea wenye ugonjwa mpakani ana thamani kubwa kuliko wanadiplomasia kumi wa jumla. Iko bandarini, kwenye mashirika ya ndege, kwenye vyama vya wakulima wa korosho wanaouza India na Vietnam.

Vijana, namalizia na jambo la utaratibu, kwa sababu msimu wa maombi umefika na wengi wenu mtanifuata mkitaka barua ya mapendekezo. Nitaandika kwa furaha. Ila kila atakayekuja aje na kurasa mbili juu ya mkataba mmoja ambao nchi yake imeusaini. Aniandikie ulisainiwa lini na nani, ibara gani inamgusa mtu anayemjua, angependa ibara hiyo iandikwe vipi upya, na nchi ipi ingekataa na kwa sababu gani. Kurasa hizo ndizo nitakazozinukuu kwenye barua yangu. Asiyejua aanzie wapi aje Jumatano mchana, tutakaa na majalada pamoja.